Fataki za Magendo na Dhiki ya Maskani katika Kisiwa cha Oahu



Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2025, saa sita ilipokuwa imekwisha gonga katika mji wa Honolulu, kisiwani Oahu, ilhali kwetu Afrika ya Mashariki ilikuwa saa saba ya mchana wa mwaka mpya, watu wa mtaa wa Aliamanu walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba moja, wakubwa kwa wadogo, kuupokea mwaka kwa fataki kama walivyofanya wazazi wao na wazazi wa wazazi wao. Na sherehe ikiwa bado motomoto, kasha moja la fataki za kuruka angani, lililokwisha tiwa moto, likapinduka na kuelekeza midomo yake kwenye masanduku mawili yaliyojaa fataki ambazo zilikuwa hazijawashwa, na yote yakalipuka kwa pamoja katikati ya halaiki ile. Watu 6 walifikwa na mauti kwa msiba huo, wengine palepale na wengine baada ya siku za mateso hospitalini, miongoni mwao mtoto wa miaka 3. Zaidi ya 20 walijeruhiwa. Na baadhi ya walioungua vibaya walisafirishwa kwa ndege ya jeshi hadi jimbo la Arizona, ng'ambo ya bahari, kwa kuwa kisiwa hakikuwa na nafasi ya kuwauguza wote. Fataki zile zilikuwa haramu kwa sheria ya jimbo la Hawaii. Waliozipiga walijua, majirani walijua, askari walijua, na wabunge waliotunga sheria yenyewe walijua. Na pamoja na kujua kote huko, anga ya mji mzima usiku ule iliwaka kutoka upande hadi upande, mtaa ukishindana na mtaa.

Mambo mawili ndiyo yanayonileta mbele yenu jioni hii, nami nitawaomba myachukue kuwa ni jambo moja: baruti ya magendo inayowashwa kila mwisho wa mwaka katika kisiwa cha Oahu, na dhiki ya vijana wa kisiwa hicho kupata maskani katika ardhi waliyozaliwa. Katika mabaraza ya Honolulu mambo haya huzungumzwa katika vyumba mbalimbali na mbele ya kamati mbalimbali, la kwanza likihesabiwa kuwa la askari na mahakimu, na la pili kuwa la wajenzi, mabenki na madalali, wala sijaona kwamba watu wa chumba kimoja huketi kwa muda mrefu katika chumba cha wenzao. Rai yangu, ambayo nitajitahidi kuithibitisha, ni kwamba sheria ya fataki imeshindwa kwa sehemu kubwa kwa sababu imeegemezwa juu ya mtu ambaye uchumi wa kisiwa unampunguza mwaka hata mwaka, naye ni mwenye nyumba.

Pengine baadhi yenu watauliza kisiwa cha Bahari ya Pasifiki kinatuhusu nini sisi. Mwaka 1959, mwaka uleule ambao Hawaii ilifanywa jimbo la 50 la Marekani, kijana mmoja wa Kijaluo kutoka Kenya, Barack Obama mkubwa, alifika Honolulu kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii, akawa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika chuo kile. Na mwanawe aliyezaliwa mjini humo tarehe 4 Agosti 1961 ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Tangu hapo watu wetu hulitaja jina la Honolulu kana kwamba ni mji wa shemeji. Lakini tunachokifahamu ni ufuo wa Waikiki na mahoteli yake marefu. Mji wa watu wanaotandika vitanda vya mahoteli hayo, wanaoendesha mabasi yake na kufundisha watoto wake, hatuujui, na huo ndio ninaotaka kuueleza.

Fataki hazikuingia Hawaii kwa uhuni. Zilikuja pamoja na vibarua wa Kichina ambao tangu mwaka 1852 walianza kuletwa kwa mikataba kulima miwa, watu ambao kwa mila yao huupokea mwaka kwa mshindo wa baruti ili kuwafukuza pepo wabaya. Na Wajapani, Wareno, Wafilipino na wengineo waliowafuata katika kambi za mashamba waliikuta desturi hiyo, wakaipenda, wakaichanganya na za kwao, hata baada ya vizazi viwili au vitatu haikuwa tena ya Wachina bali ya kisiwa. Ilikuwa anasa ya watu wa kazi, ambao mwaka mzima waliitikia kengele na filimbi za wengine, na usiku mmoja wakawa wao ndio wenye kufanya kelele. Mtu asiyelitambua hilo, akadhani kwamba hapa pana ukorofi mtupu wa vijana unaotibika kwa faini, hataielewa Oahu, na sheria atakayoitunga itapitwa juu na fashifashi kila mwaka.

Sheria zenyewe zilikwenda hatua kwa hatua. Kwa muda mrefu familia ziliweza kununua dukani, msimu ukifika, vimulimuli na fataki za ardhini; kisha tarehe 2 Januari 2011 ikaanza kazi amri ya halmashauri ya Honolulu iliyopiga marufuku karibu kila kitu, isipokuwa zile fataki ndogo za msururu ziliazo chini, ambazo mtu aliweza kuzinunua kwa kibali cha dola 25, kila kibali fataki 5,000. Zile za kuruka angani zilikuwa zimekwisha harimishwa kwa raia katika jimbo zima, hazipigwi ila na fundi mwenye leseni. Wakazi wengi wa kisiwa husema, nami nawasadiki, kwamba vile vidogo vya halali vilipoondoka madukani, pengo lake halikujazwa na utulivu. Lilijazwa na vile vikubwa vya magendo, ambavyo huanza kusikika wiki nyingi kabla ya Desemba kwisha, na ambavyo huwatesa wagonjwa wa pumu, wazee, watoto wachanga na wanyama, na kuwarudisha vitani kwa fikira askari wastaafu, ambao kisiwa kile kina wengi.

Katika habari hii upo msiba mwingine, ambao naona hautajwi kwa kadiri unavyostahiki. Tarehe 8 Aprili 2011, miezi mitatu tu baada ya amri ile kuanza, moto na mlipuko viliwaua wafanyakazi 5 katika handaki la Waikele, mahali palipochimbwa zamani na jeshi kwa kuwekea silaha. Hawa hawakuwa wakisherehekea kitu. Walikuwa waajiriwa wa kampuni iliyopewa mkataba wa kuharibu fataki ambazo serikali ilikuwa imezikamata, na kazi yao ilikuwa kuzipasua na kuitenga baruti iliyomo, ili zikiloweshwa kwa dizeli na kuchomwa ziungue upesi. Baruti iliyotengwa ikarundikana, na siku hiyo ikashika moto. Wengi wao walikuwa bado katika miaka ya ishirini ya umri wao. Bodi ya serikali ya shirikisho ichunguzayo ajali za kemikali ilitoa ripoti yake mwaka 2013, ikabainisha kwamba hapakuwa na kanuni madhubuti za kuiongoza kazi ya kuharibu fataki, na kwamba mkataba ulitolewa na kusimamiwa pasipo uangalizi wa kutosha juu ya usalama. Nauleta msiba huu mbele yenu kwa sababu unatuonyesha kwamba fataki ikamatwapo haijamaliza hatari yake. Kwamba serikali inapojisifia uzito wa shehena iliyoitwaa, yuko mtu mahali fulani, aghalabu kijana aliyeichukua kazi ile kwa kuwa kodi ya nyumba haimngoji apate kazi iliyo bora, ambaye atatakiwa kuishika shehena hiyo kwa mikono yake.

Na shehena ni kubwa. Hawaii haitengenezi fataki. Kila moja imevuka bahari ndani ya kontena, imefichwa nyuma ya samani au vyakula, katika bandari ambayo hupitisha takriban kila kitu kinacholiwa na kuvaliwa visiwani, hata haiwezekani kulifungua kila kontena bila kuwaacha watu na njaa. Mwaka 2023 kikaanzishwa kikosi maalumu cha kupambana na biashara hii, nacho kilikuwa kimekwisha kamata zaidi ya ratili 200,000 za fataki kufikia mwanzo wa mwaka 2025. Na baada ya Aliamanu, Gavana Josh Green alitia saini sheria za kuzidisha adhabu. Mfanyabiashara aingizaye makontena hayo, akajipatia faida kubwa kwa mzigo anaojua kwamba utafunguliwa katikati ya watoto, sina neno la kumtetea, na adhabu itakayomfika, hata ikiwa kali namna gani, sitaiona kuwa imepita kiasi.

Lakini kontena likishafunguliwa, na mzigo ukagawanywa mitaani, sheria humpoteza mfanyabiashara machoni, ikamgeukia mwenye nyumba. Mwaka 2019 jimbo liliweka kwamba mwenye nyumba au mpangaji ambaye kwa kujua huruhusu fataki haramu ziwekwe au zipigwe katika makazi yake anabeba hatia yeye mwenyewe. Hoja yake ni nyepesi kufahamika: askari hawezi kumwona gizani mtu aliyewasha utambi, na akimwona hawezi kumkimbilia na kumshika, lakini nyumba haikimbii. Ina anwani, ina hati, ina mtu ambaye jina lake limeandikwa katika daftari ya kodi ya ardhi, na mtu huyo, kwa kuogopa kuipoteza milki yake, atakuwa mlinzi wa sheria nyumbani kwake kabla ya askari kufika. Hayo yangekuwa kweli katika nchi ambayo watu wazima wengi ni wenye nyumba, au wana tumaini la karibu la kuwa hivyo. Hebu tuitazame Oahu ilivyo.

Mwezi wa Agosti 2021 bei ya kati ya nyumba ya kujitegemea katika kisiwa hicho ilivuka dola milioni 1 kwa mara ya kwanza, maana yake ni kwamba nusu ya nyumba zilizouzwa mwezi ule ziliuzwa kwa zaidi ya hapo. Na mwaka 2024 bei hiyo ilikuwa karibu dola 1,100,000. Pato la kati la familia ya Honolulu ni takriban dola 100,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Mchukueni basi kijana mwalimu, na mkewe muuguzi msaidizi, ambao pato lao kwa pamoja ndilo hilo. Benki ikiwataka arbuni ya asilimia 20, watatakiwa kuweka mezani dola 220,000 taslimu. Na kwa salio la 880,000, kwa riba ya asilimia 6 na nusu, ambayo haikuwa mbali na ile ya mwaka huo, watalipa kila mwezi zaidi ya dola 5,500 kwa muda wa miaka 30, ambayo ni theluthi mbili ya pato lao lote. Theluthi inayobaki ndiyo ya kodi ya serikali, chakula kilichokuja kwa meli, umeme ambao bei yake haina kifani katika Marekani, gari, na mtoto akizaliwa. Fleti ni nafuu, kwa kuwa bei yake ya kati hucheza karibu na nusu milioni. Lakini fleti huja na ada ya matunzo ya kila mwezi isiyokwisha hata mkopo ukiisha, na bima za majengo hayo zimepanda ghafla katika miaka hii, hasa baada ya moto wa tarehe 8 Agosti 2023 uliouteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa jirani cha Maui, ukaua watu 102 na kuharibu majengo zaidi ya 2,000.

Natija ya hesabu hii huonekana katika nyumba zenyewe. Hawaii ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yenye sehemu kubwa kabisa ya familia ambazo vizazi vitatu hukaa chini ya dari moja. Wako watakaosema kwamba hayo ni mapenzi ya jamaa, nami sikatai, maana yapo, na ni mazuri, na sisi watu wa mwambao hatuna haja ya kufundishwa uzuri wake; ila mapenzi yaliyochaguliwa ni mbali na mapenzi yaliyolazimishwa na bei. Chukueni nyumba moja: bibi anayo hati, aliyoipata tangu mwaka 1965 au 1970 pale mshahara wa kuli wa bandari ulipoweza kununua nyumba. Mwanawe wa kwanza yuko chumba cha nyuma na mkewe. Binti yuko juu na watoto. Mjukuu aliyetimiza miaka 27 analala katika banda la gari lililotiwa mlango na dirisha. Na magari sita ya jamaa yamejipanga barabarani kwa kuwa uani hapana pa kuyaweka. Mitaa kama Kalihi imejaa nyumba za namna hiyo. Ua umekwisha, na kila sherehe, ikiwamo ile ya mwaka mpya, imesukumwa hadi ukingo wa barabara, futi chache kutoka ukuta wa jirani ambaye naye ana vizazi vitatu ndani. Fataki iliyotengenezwa kupigwa katika uwanja mpana hupigwa hapo.

Sheria ifikapo katika nyumba hiyo, ikauliza mwenye nyumba ni nani, hujibiwa kwamba ni mwanamke wa miaka 84 aliyelala. Je, atashitakiwa yeye? Mjukuu wa banda la gari, ambaye ndiye aliyenunua, hana jina katika hati, hana mkataba wa kupanga, na kwa hesabu tuliyoifanya sasa hivi hana njia ya kulipata jina hilo mpaka bibi afe, na hata hapo atalishiriki na wajomba wanne ambao watataka nyumba iuzwe wagawane fedha. Tumempa jembe, hatukumpa shamba. Yeye anatakiwa kuupenda na kuulinda mtaa kama mwenye mtaa, ilhali kila tangazo la dalali linamwambia kwamba mtaa huu ni wa mtu mwingine ambaye bado hajafika. Na jirani anayeombwa apige simu polisi ni shangazi wa mpiga fataki, au ni mpangaji anayeogopa kwamba akileta askari mtaani ataonekana pia mkataba wake wa mdomo, na chumba chake kilichojengwa bila kibali. Watu walioshikwa pamoja na dhiki hawatoleani ushahidi. Wakuu wa polisi wamelalamika mara nyingi kwamba mashahidi hawapatikani, nami naona hii ni sababu iliyo kubwa kuliko woga au ukaidi.

Kuna na hesabu nyingine, iliyo ndogo, ambayo huniuma zaidi. Husemwa kwa lawama kwamba kijana asiye na nyumba hana haki ya kuteketeza fedha angani. Tuseme ameteketeza dola 2,000 kwa usiku mmoja, jambo ambalo ni ubadhirifu bila shaka. Fedha hizo, lau angaliziweka, zisingefikia sehemu moja katika mia ya arbuni yake. Mtu huweka akiba ikiwa akiba inaonekana kuelekea mahali. Kiasi kikiwa mbali hata macho hayakifikii, fedha hurudi kuwa ya furaha ya leo, na furaha ya leo katika kisiwa kile, kwa mtu wa kima chake, ni ile aliyoachiwa na babu zake.

Insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Si vijana peke yao wanaopiga fataki za magendo, na wengi wa wanunuzi wakubwa ni watu wa makamo wenye nyumba zao na fedha zao. Wala ufukara si utambi, kwa maana watu maskini kuliko hao wako duniani kote na hawalipui mitaa. Wala sisemi kwamba mama aliyemzika mtoto wake baada ya Aliamanu atapata faraja yoyote kwa kuambiwa juu ya bei za nyumba. Ninachosema ni kwamba sheria iliyochagua kumtumia mwenye nyumba kuwa askari wake inapaswa kuuliza wenye nyumba wamekwenda wapi, na kwa nini.

Walikokwenda kunajulikana. Wamekwenda Las Vegas, katika jangwa la Nevada, mji ambao watu wa Hawaii wameupa jina la kisiwa cha tisa kwa wingi wa jamaa zao waliohamia huko. Na hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba wenyeji wa asili wa Hawaii wanaoishi nje ya visiwa vyao sasa ni wengi kuliko wale waliobaki. Taifa zima limeondokewa na nusu yake bila vita na bila njaa. Mimi sijui neno la kulieleza jambo hilo ambalo halitakuwa dogo kuliko jambo lenyewe.

Na sababu yake ina mizizi mirefu. Mwaka 1848 Mfalme Kamehameha III aliigawa ardhi iliyokuwa ya wote, kwa kanuni iitwayo Mahele, baina ya ufalme, machifu na raia, na mwaka 1850 wageni wakaruhusiwa kuinunua; tarehe 17 Januari 1893 Malkia Liliʻuokalani akapinduliwa, na mwaka 1898 visiwa vikatiwa katika Marekani. Ilipofika miaka ya 1960, Bunge la jimbo lilipochunguza, likakuta kwamba serikali ya jimbo na ya shirikisho zinamiliki asilimia 49 ya ardhi yote, na asilimia 47 nyingine iko mikononi mwa wamiliki 72 tu; katika Oahu, wamiliki 22 walishika asilimia 72.5 ya milki kamili. Watu walijenga nyumba juu ya ardhi isiyo yao wakailipia kodi, jambo ambalo msikilizaji wa Mombasa hatahitaji kuelezwa sana. Sheria ya mwaka 1967 ikawawezesha wapangaji wa ardhi kuinunua kwa nguvu ya serikali, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaithibitisha mwaka 1984. Ilikuwa sheria ya ujasiri, na iliwafanya watu wengi wa kawaida kuwa wenye nyumba kamili. Bibi niliyemtaja huenda ni mmoja wao. Lakini ardhi iliyotoka kwa wachache iliingia katika soko ambalo mnunuzi wa Tokyo au California hukaa meza moja na mwalimu wa Kalihi.

Yaliyosalia nitayapitia upesi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1961 imeyatenga maeneo ya mji kuwa takriban asilimia 5 tu ya jimbo, nami siilaumu, kwa kuwa maji na misitu ya visiwa havina badali. Sheria ya meli ya mwaka 1920 hulazimisha shehena baina ya bandari za Marekani kuchukuliwa na meli zilizoundwa Marekani, na kwa hivyo kila ubao na kila mfuko wa saruji kutoka bara hufika ukiwa umeongezewa bei. Idara ya vibali vya ujenzi ya Honolulu imejulikana kwa kuchelewesha, na mwaka 2021 watumishi kadhaa wa idara hiyo, wa zamani na waliokuwa kazini, walishitakiwa mbele ya mahakama ya shirikisho kwa kupokea rushwa. Ni vigumu kumtaka mjukuu wa banda la gari aiheshimu sheria ya fataki, ilhali sheria ambayo ingemhalalishia dirisha lake ilikuwa ikiuzwa dirishani.

Nini basi kifanywe? Kwa fataki, mimi ningeitaka halmashauri iache kuchagua baina ya marufuku na fujo, ikavipa vitongoji vyenyewe viwanja vya serikali, vya shule na vya michezo, kwa usiku ule mmoja, na fundi mwenye leseni, na vijana wa mtaa wakafunzwa kumsaidia na kulipwa kwa kazi hiyo, ili desturi ya babu zao iwe na mahali pake na pawe na mtu wa kuulizwa. Fedha zinazotumika kuharibu shehena zinazokamatwa zingeweza kusaidia kulipia sherehe hizo.

Kwa nyumba, milango miwili imefunguka nusu. Sheria ya mwaka 2024 imezitaka halmashauri zote za Hawaii kuruhusu, kabla ya mwaka 2026 kwisha, angalau nyumba ndogo mbili za nyongeza katika kila kiwanja cha makazi. Na nyumba hizo zikijengwa kwa ajili ya wajukuu wala si kwa ajili ya watalii wa wiki moja, yule wa banda la gari atakuwa na anwani, mkataba, na jina ambalo sheria inaweza kuliita. Mlango wa pili ni wa zamani. Mwaka 1921, kwa juhudi za mwanamfalme Jonah Kūhiō Kalanianaʻole, Bunge la Marekani lilitenga takriban ekari 200,000 kwa ajili ya wenyeji wa asili, kila mmoja apewe kiwanja kwa mkataba wa miaka 99 na kodi ya dola 1 kwa mwaka, kwa sharti kwamba damu yake isipungue nusu ya uenyeji. Zaidi ya watu 28,000 wamo katika orodha ya kungojea viwanja hivyo. Wengi wamekufa wakingoja. Na mwaka 2022 jimbo lilitoa dola milioni 600 ili orodha ipungue, likalipa na dola milioni 328 kumaliza kesi ya waliocheleweshwa. Kazi imeanza, nayo iendelee.

Ila lipo sharti jingine ndani ya sheria hiyo linalowahusu vijana hasa. Mrithi wa kiwanja, akiwa mke, mume, mtoto au mjukuu, hutakiwa kuwa na robo ya damu ya uenyeji. Na kwa kuwa watu wa Hawaii wameoana na makabila yote yaliyofika, wako vijana wengi waliozaliwa na kulelewa katika nyumba za viwanja hivyo huko Waimanalo, Nanakuli na Papakolea ambao damu yao imepungua chini ya robo. Mwaka 2017 Bunge la jimbo lilipitisha kwamba robo hiyo ipunguzwe hadi sehemu moja katika thelathini na mbili, kiasi kilekile alichokitaka Kūhiō mwenyewe tangu mwanzo. Lakini badiliko hilo halina nguvu mpaka liridhiwe na Bunge la Washington, na ridhaa hiyo ndiyo ningeidai kabla ya kuidai faini nyingine yoyote mpya, kwa kuwa bila hiyo mjukuu aliyepaka rangi kuta za nyumba, akatengeneza paa lake, akamuuguza bibi yake ndani yake, siku ya maziko atakuwa mtu asiye na haki ya kubaki, na kiwanja kitarudi mikononi mwa idara inayosimamia ardhi hizo.